Mmekwama Mlimani Baada ya Maporomoko: Mwongozo Kamili wa Kubaki Hai Hadi Waokoaji Wafike

Kila masika huku Nyanda za Juu Kusini kosa ni lilelile. Kundi linapanda Rungwe, Loleza au safu ya Livingstone, mvua inaangusha ardhi, njia ya kurudi inakatika. Wengi wao ni wazima. Kisha jioni inaingia, mtu mmoja anasema "tushuke na korongo hili, litatufikisha kijijini," na kundi zima linamfuata gizani. Kesho yake waokoaji wanafika pale njia ilipokatika na hawakuti mtu.

Nilitumikia jeshi miaka mingi, na tangu nistaafu naongoza watu kupanda Rungwe. Mwongozo huu ni wa vijana wa JKT na mgambo walio mazoezini, wanafunzi, vikundi vya maombi vinavyolala kileleni na yeyote anayewaongoza. Sisi hatuna theluji ya kuporomoka kama Ulaya. Tuna udongo wa majivu ya volkano unaonyonya maji mpaka uzito unaushinda, ukungu usioruhusu kuona hatua kumi, na baridi ambayo watu wa nyanda za chini hawaiamini mpaka iwakute. Kazi ya aliyekwama ni moja kote: abaki hai, abaki mahali pamoja, aonekane.

## Vitu vya kubeba kabla hamjaondoka

Kila mtu abebe:

- Filimbi, ifungwe shingoni na si ndani ya begi. Begi linaweza kuondoka na tope.
- Koti la mvua, sweta, kofia ya sufu, na soksi na fulana kavu zilizofungwa ndani ya nailoni.
- Kiroba kitupu cha sandarusi, kile cha unga au mbolea cha kilo 50. Ni chepesi, na kitakuwa blanketi la miguu.
- Tochi ya kichwani na betri za akiba.
- Karanga, kashata au sukari guru ya kutosha siku moja zaidi ya safari yenu.
- Lita mbili za maji.

Kundi libebe:

- Turubai moja kwa kila watu watano au sita, la rangi nyekundu, ya machungwa au buluu kali.
- Mita 20 za kamba, panga, na sepeto fupi au jembe la mpini mfupi.
- Viberiti viwili vilivyofungwa nailoni, mishumaa na sufuria ndogo.
- Simu ya kitochi iliyojaa chaji, mbali na simu janja zenu. Kitochi hudumu siku kadhaa. Simu janja kwenye baridi inaweza kuzimika kabla ya usiku wa manane.
- Vitambaa vipana vya kufungia majeraha. Kanga mbili zinatosha, na kanga ina kazi nyingine nitakayoieleza.

Wenye sare wanisikilize hapa. Nguo ya mabaka ilishonwa ili asiyeivaa asikuone. Siku ya kutafutwa, sifa hiyo ndiyo adui yako. Nimewahi kupita hatua thelathini kutoka kwa kijana aliyelala kwenye majani bila kumwona, na nilikuwa namtafuta yeye. Kila askari awe na kitambaa cha rangi kali mfukoni.

Na kitu cha mwisho hakibebwi, kinaachwa. Andika karatasi yenye majina yote, njia ya kupandia, njia ya kushukia, saa ya kurudi, na saa ambayo msipoonekana watu waanze kutafuta. Mwachie mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji mnapoanzia, na umwachie nambari ya simu ya nyumbani. Waokoaji wenu wa kwanza watakuwa wanakijiji wenye mapanga na tochi, kwa hiyo wao ndio wanaopaswa kujua mlikopita.

## Hatua ya 1: Ardhi inapoanza kushuka

Dalili huja kabla. Ufa mpya kwenye njia, miti iliyoanza kulala, chemchemi iliyogeuka matope, ngurumo isiyotoka angani. Dalili inayonitisha kuliko zote ni kijito kilichokuwa kimejaa kupungua ghafla: maana yake huko juu kimezibwa, na kizibo kikipasuka vitashuka maji, magogo na mawe kwa pamoja.

Ukiona au ukisikia, kimbia pembeni, kuelekea kwenye kigongo, yaani ile sehemu iliyoinuka kati ya makorongo mawili. Usikimbie kushuka. Tope lenye mawe lina kasi kuliko miguu yako, na linapita bondeni, palepale unapokimbilia.

Likikukamata, tupa begi lililokulemea, pigania kubaki juu, na linapoanza kutulia kunja mikono mbele ya uso. Nafasi ile ndogo mbele ya pua ndiyo hewa yako.

## Hatua ya 2: Tokeni kwenye mkondo, hesabuni watu

Poromoko la kwanza mara nyingi halimalizi kazi. Ukingo wa juu umebaki umening'inia, na mvua bado inanyesha. Sogeeni pembeni mpaka kwenye ardhi isiyo na ufa, yenye miti iliyosimama wima, halafu hesabuni kwa sauti: kila mtu ataje nambari yake. Kiongozi asihesabu kwa macho, kwa sababu mtu aliyeshtuka huhesabu mmoja mara mbili.

Imefanikiwa mkiwa na idadi moja ambayo wote mmeisikia, na mnajua nani hayupo na alionekana wapi mara ya mwisho.

## Hatua ya 3: Kumfukua aliyefunikwa

Kwenye poromoko la theluji, wengi wanaofukuliwa ndani ya robo saa ya kwanza hupona, na baada ya nusu saa matumaini huporomoka. Tope ni zito kuliko theluji na hubana kifua zaidi, kwa hiyo hesabu yenu isizidi hiyo. Msisubiri waokoaji kwa mtu aliyefunikwa. Waokoaji wake ni ninyi.

1. Weka mlinzi mmoja juu ya kigongo, macho yake mlimani tu. Akipuliza filimbi mara moja ndefu, wote wanatoka bila kuuliza.
2. Nyamazeni kwa dakika moja. Mwiteni kwa jina, halafu sikilizeni. Kelele za kutafuta zimewazika watu waliokuwa wakiita.
3. Anzieni pale alipoonekana mwisho, mfuate mkondo kushuka. Angalieni kofia, begi, kamba. Chunguzeni nyuma ya miamba na magogo, kwa sababu huko ndiko tope huacha vitu.
4. Mkimpata, chimbeni kutoka ubavuni kuelekea kichwani. Msisimame juu yake. Sepeto likikaribia mwili, malizieni kwa mikono.
5. Safisheni mdomo na pua kwanza, kisha fungueni kifua. Mtu anaweza kuwa uso nje na bado akakosa pumzi kwa sababu kifua kimebanwa.

Msimvute kwa mikono. Tope humnyonya chini, na mnachoweza kukivuta ni bega kutoka mahali pake. Chimbeni mpaka atoke bila kulazimishwa.

Mlinzi akitoa ishara na mwenzenu bado yuko chini, mtaumia rohoni, lakini tokeni. Nimekaa na wazazi wa vijana, na najua maneno haya ni magumu kuyasoma. Poromoko la pili likiwachukua wachimbaji, hakuna atakayebaki wa kumtoa wa kwanza.

## Hatua ya 4: Majeruhi

Fupi, kwa sababu mambo ya kufanya hapa ni machache.

Damu inayotiririka: bonyeza kwa kitambaa kwa nguvu, dakika kumi mfululizo, bila kufunua kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haisimami, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, kaza kwa kijiti mpaka damu ikatike, na uandike saa uliyokaza. Usilegeze mpaka mtaalamu afike.

Mfupa uliovunjika: ufungwe kwenye mti mnyoofu kama ulivyo, au mguu ufungwe na mguu mwenzake. Usinyooshe.

Aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo asihamishwe, isipokuwa yuko kwenye mkondo wa poromoko. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe ubavu ili matapishi yasimkabe.

Kila majeruhi awe na mtu wake mmoja wa kumkalia, asiyeondoka kwenda kufanya kitu kingine.

## Hatua ya 5: Amueni kubaki

Hapa ndipo makundi yanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nilikuwa na miaka 22. Kikosi chetu kidogo kilikuwa mazoezini kwenye milima ya Livingstone, mvua ikakata njia alasiri. Tulikuwa na turubai na chakula, na hakuna aliyeumia. Aliyetuongoza aliona aibu kuchelewa, akaamuru tushuke na kijito kwa tochi mbili. Tulitembea saa tatu. Tukaishia juu ya genge ambapo kijito chenyewe kinageuka maporomoko ya maji: hatukuweza kushuka, na hatukuweza kupanda tulikotoka kwa sababu utelezi ulikuwa umezidi. Mwenzetu mmoja aliteleza akavunjika nyonga. Tulilala palepale tumeloa, bila nafasi hata ya kutandika turubai. Kulipopambazuka, watu waliokuja kututafuta walikuwa wameshafika mahali tulipoondoka jioni. Tuliwasikia wakipiga filimbi juu yetu, mbali, na hatukuwa na filimbi ya kuwajibu.

Sababu za kubaki ni hizi.

Makorongo ya huku hayateremki taratibu mpaka shambani. Yanateremka, yanafika kwenye ukingo wa mwamba, yanaruka. Mchana utauona ukingo. Usiku utausikia ukiwa umeshachelewa.

Korongo ndiyo njia ya poromoko linalofuata. Anayeshuka nalo amejiweka kwenye bomba.

Waokoaji huanza kutafuta pale karatasi yenu inaposema na pale simu yenu ya mwisho ilipotoka. Kila hatua mnayopiga inafuta kazi yao.

Na mtu anayetembea kwenye mvua analoa jasho kwa ndani na maji kwa nje. Akisimama, baridi inamkuta hana akiba.

Kuna hali tatu tu ambazo nitakubali mhame. Ya kwanza, mahali mlipo ni hatari yenyewe: kuna ufa, mawe yanadondoka, maji yanapanda. Hameni umbali mfupi iwezekanavyo, na muache alama: mshale wa mawe au kitambaa mtini. Ya pili, ni mchana, hakuna ukungu, njia mnayoijua iko wazi na mnaiona kwa macho mpaka chini. Ya tatu, hakuna mtu duniani anayejua mko mlimani na simu haishiki kabisa. Hapo watumwe wawili wenye nguvu, asubuhi, kwa njia ya kigongo, wakiwa na ujumbe ulioandikwa. Mmoja asitumwe peke yake.

Atakayepinga atakuwepo. Kwa kawaida ndiye mwenye nguvu kuliko wote, na ana nia njema. Mpe kazi ngumu: kukata majani ya kitanda, kujenga. Kiongozi aseme mara moja, kwa sauti tulivu, "Tunalala hapa," na asifungue mjadala tena.

## Hatua ya 6: Tuma ujumbe kabla chaji haijaisha

Nambari ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Nambari ya dharura ya polisi ni 112. Jaribu 112 hata kama laini yako haioneshi mtandao, kwa sababu simu inaweza kutumia mnara wa kampuni nyingine ulio karibu.

Ukiwa kwenye kigongo una nafasi kubwa ya kupata mnara kuliko bondeni. Simu ikikatika-katika, andika ujumbe mfupi. Ujumbe unahitaji sekunde chache tu za mtandao, mazungumzo yanahitaji dakika. Watumie watu wawili: aliye na karatasi kijijini na mmoja wa nyumbani.

Uandike hivi:

*"TUMEKWAMA MLIMA RUNGWE. Watu 11. Poromoko limekata njia saa 9:20 alasiri. Majeruhi 2: mmoja mguu umevunjika, mmoja kichwa, wote wanaongea. Tupo kwenye kigongo upande wa Isongole, juu kidogo ya mianzi. Tuna turubai jekundu na filimbi. HATUTAHAMA. Simu itawashwa kila saa kamili kwa dakika 5. Piga 114."*

Simu janja ikiwa na programu ya ramani, inaweza kukupa nambari za latitudo na longitudo hata bila intaneti, mradi uko mahali pa wazi. Ziandike kwenye ujumbe zote, pamoja na tarakimu zinazofuata nukta.

Halafu zima simu zote isipokuwa moja. Zikae kifuani chini ya sweta, maana baridi huua betri. Msiruhusu mtu kuwashia simu tochi wala muziki.

Imefanikiwa mkipata jibu lenye maneno "tumepata, bakini hapo." Msipopata jibu, endeleeni na hatua zinazofuata kana kwamba ujumbe haukufika, na mjaribu tena kila saa kamili.

## Hatua ya 7: Jengeni kabla ya giza

Jua huzama karibu saa 12 na nusu. Kwenye ukungu, giza la kufanyia kazi linaanza saa 11. Hatua hii ianze mara tu majeruhi wanapotulia, hata kama bado ni saa 9.

Chagueni mahali. Teremkeni kidogo kutoka mgongo wa kilima, upande usiopigwa na upepo. Kileleni kuna upepo na radi. Chini ya mti mmoja uliosimama peke yake kuna radi. Korongoni kuna maji, na usiku hewa baridi hutiririka ikakusanyika huko kama maji yenyewe. Angalieni juu yenu pia: jiwe lililoshikwa na udongo uliolowa si jirani mwema.

Fungeni turubai chini. Watu hupenda kujenga kibanda cha kusimama. Kibanda cha kusimama kinapasha joto hewa, kibanda cha kukaa kinapasha watu. Upande wa upepo ufike ardhini na uwekewe mawe, upande wa pili uinuke mpaka usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Turubai lisilo na matundu ya kamba, au lililochanika, lifanyeni hivi: chukua kijiwe cha ukubwa wa ndimu, kizungushie kona ya turubai, kisha funga kamba nyuma ya kijiwe. Haitoki.

Chimbeni mfereji wa upana wa kiganja upande wa juu ili maji yazunguke.

Kitanda ni muhimu kuliko paa. Sentensi hii naiona ikipuuzwa kila mwaka. Ardhi iliyolowa inanyonya joto lako usiku kucha bila kupumzika. Kusanyeni majani ya mianzi, vitawi vya miti, nyasi, chochote kikavu au kilicholowa kidogo, rundo la kufika magoti. Mkishakalia litashuka mpaka kina cha kiganja, na hicho ndicho kiasi mnachokitaka. Mkiwa na mabegi, kamba na viatu vya ziada, navyo viwe chini yenu.

Rungwe ni hifadhi na sipendi kuona mtu akikata ovyo, kwa hiyo anzeni na yaliyoanguka. Lakini uhai ukiwa hatarini, kata, utaeleza ukishashuka.

Mkiwa Kitulo hakuna miti ya kufungia chochote. Huko ni uwanda wazi wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti nyasi huamka na barafu. Tafuteni shimo au nyuma ya mwamba, kateni nyasi nyingi, kaeni mmebanana, mjifunike turubai kama shuka huku kingo zake mmezikalia. Acheni upenyo wa kupumulia.

Viroba. Jaza kiroba majani makavu, vua viatu, ingiza miguu na viatu vyote mpaka kiunoni. Aliyelala hivi kwenye mvua ya Livingstone hatasahau kiroba tena.

Imefanikiwa ikiwa umekaa robo saa na makalio hayahisi ubaridi wa ardhi, na hakuna tone linalomdondokea mtu.

## Hatua ya 8: Lindeni joto

Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Kilele cha Rungwe ni karibu mita 2,960. Hewa hupoa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usiku wa nyuzi 14 mjini unaweza kuwa nyuzi 6 kileleni, kabla hujahesabu upepo. Mtu mkavu anavumilia nyuzi 6. Mtu aliyelowa hapana, kwa sababu maji huondoa joto la mwili karibu mara 25 kuliko hewa. Njaa inahitaji wiki kadhaa kukuua. Baridi na maji vinaweza kumaliza kazi usiku mmoja.

Fanyeni haya:

- Vueni nguo zilizolowa mara tu paa likiwa tayari, hata kama kuvua kunaumiza. Vaeni kavu ngozini. Asiye na kavu azikamue kwa nguvu, avae tena, na koti la mvua liwe juu.
- Funikeni kichwa na shingo.
- Kaeni mmebanana, mgongo kwa kifua kama ndizi kwenye kichane. Majeruhi na aliye mwembamba wawe katikati. Wa pembeni wabadilishane kila nusu saa.
- Kuleni kidogo kidogo kabla njaa haijauma. Karanga na sukari guru ndizo kuni za tumbo.
- Badilisheni soksi. Miguu iliyolowa usiku kucha haitatembea asubuhi.

Jinsi ya kumpima mwenzako. Kila saa mwambie aguse kidole gumba kwa kidole cha mwisho, kisha ahesabu kutoka 20 kurudi 1. Anayetetemeka lakini anaweza vyote, mwili wake bado unapigana. Akianza kukokota maneno, kujikwaa, kunung'unika au kusema "niacheni nilale," mwili umeshuka chini ya nyuzi 35 au unaelekea huko. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amechanganyikiwa, hiyo ndiyo hali mbaya kabisa. Wengine hufika hatua ya kuvua nguo wakisema wanasikia joto. Usimwamini, mfunike.

Huyo umlaze chali, umshike polepole kama unavyobeba mayai, kwa sababu moyo uliopoa unaweza kusimama kwa mtikisiko. Watu wawili wamkumbatie chini ya kifuniko kimoja. Chupa ya maji ya moto, ikiwa imevikwa soksi, iwekwe kwapani na kifuani. Usimsugue mikono wala miguu. Chai yenye sukari nyingi apewe tu kama yuko macho na anameza mwenyewe.

Usimpe pombe. Ulanzi au komoni inampa hisia ya joto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, na ngozi inaitoa nje. Joto la ndani linashuka huku yeye akifurahi.

Usiingize mkaa. Nakuomba usome mara mbili. Wenyeji wa Makete, Njombe na Mbeya tunajua nyumba ambazo watu walilala na jiko la mkaa na hawakuamka. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kibanda cha turubai kilichofungwa vizuri ni kidogo kuliko chumba chochote. Moto uwe nje, mbele ya upande ulio wazi. Chemsheni maji huko, joto liingie kwa chupa na kwa chai. Kichwa kikiwauma watu wawili kwa pamoja, tokeni wote.

## Hatua ya 9: Jifanyeni mwonekane na msikike

Kwenye ukungu, filimbi ndiyo macho yenu. Ishara ya mlimani inayojulikana kimataifa ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Anayejibu hupuliza mitatu. Kimya ni sehemu ya ishara: bila kunyamaza hamtasikia jibu. Tochi ifuate hesabu hiyohiyo.

Asubuhi ukungu ukipanda, tandazeni kanga au turubai la ziada mahali pa wazi. Mkiweza, pangeni kwa vitambaa au mawe herufi kubwa V, maana yake tunahitaji msaada, au X, tunahitaji matibabu, kila mkono wa herufi urefu wa mita tatu au zaidi. Wekeni majani mabichi karibu na moto ili mtoe moshi mtakaposikia ndege au watu. Wakati wa ukungu msipoteze majani. Moshi ndani ya ukungu hauonekani.

## Hatua ya 10: Usiku wenyewe

Pangeni zamu za saa moja, wawili wawili, kwa sababu mlinzi mmoja husinzia. Kazi ya zamu: kusikiliza mlima, kuhesabu watu kwa kuwagusa, kupima waliopoa, kupuliza filimbi, kuwasha simu saa kamili.

Kingeni mvua kwa kona ya turubai mpate maji ya kunywa. Ya kijito baada ya poromoko ni ya kuchemsha au kuacha.

Imbeni. Wanaoimba wanapumua vizuri, na kiongozi anamsikia aliyenyamaza. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri ndipo watu hukata tamaa, na wazo la kushuka hurudi tena likiwa limevaa nguo mpya. Kiongozi awe macho saa hizo, hata kama si zamu yake.

## Hatua ya 11: Wanapofika

Mkisikia filimbi au sauti, jibuni na mbaki palepale. Msiwakimbilie, watu huvunjika miguu katika hatua hamsini za mwisho. Waelekezeni wapite pembeni mwa mkondo wa poromoko.

Ikija helikopta, kunjeni turubai na vitambaa vyote mvikalie, zimeni moto, inameni chini na mfumbe macho. Hakuna anayesogea mpaka aliyeshuka amwite.

Kiongozi awaambie waokoaji mambo manne: idadi kamili na nani hajapatikana, nani amepoa na tangu saa ngapi, nani amefungwa kitambaa cha damu na saa ya kufungwa, na wapi mmeona ufa. Aliyechanganyikiwa kwa baridi abebwe akiwa amelala, hata akidai anaweza kutembea.

Mkishafika barabarani, kabla ya chai, mpigieni mtendaji mliyemwachia karatasi na mumwambie wote mmeshashuka. Huenda kuna wazee wa kijiji chake ambao bado wako huko juu wakiwaita majina.